Mavyaa na Wageni wa Majivu

Jumatano, 1 Agosti

Majivu tena. Nimefagia baraza mara tatu na bado nyayo za Joana zinaonekana kama za mtu aliyekanyaga unga. Miaka sita tu, na leo ameandika jina lake kila mahali kwa kidole — mezani, kizingitini, hata mgongoni mwa nguruwe.

Upepo unatoka Ambae. Mlima wao wa moto umekataa kutulia. Mchana kengele ya kanisa ikagongwa, na haikuwa saa ya sala, tukaenda wote. Chifu Judah akasema serikali imeamua: kisiwa kizima cha Ambae kihame. Kila mtu. Wengine kisiwa cha Santo, wengine huku kwetu Maewo. Kijiji chetu cha Lolosori kipokee watu mia na ishirini. Sisi wenyewe hatufiki mia mbili.

Kila mtu alikuwa anahesabu magimbi yake kichwani. Najua, kwa sababu na mimi nilikuwa nahesabu.

Mavyaa akanyoosha mkono kabla Chifu hajamaliza. "Kwangu nileteeni."

Mume wangu akamnong'oneza, "Mama, nyumba ina vyumba vitatu."

"Najua, Elison. Nilikuwepo ikijengwa."

Watu wakacheka. Ndipo mikono mingine ikaanza kunyooka, mmoja mmoja. Kwa aibu zaidi kuliko kwa upendo, nadhani. Lakini ilinyooka.

Ijumaa, 3 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Meli ilifika saa nne asubuhi. Watu wakashuka kwa mashua ndogo, mikeka yao myekundu imeviringishwa kichwani, kuku kwenye vikapu, macho mekundu kwa majivu. Bibi kizee mmoja, kipofu, alishushwa akiwa amekaa kwenye kiti. Katekista alisimama mchangani akisoma orodha: familia hii kwa fulani, familia ile kwa fulani. Wanawake wakawakumbatia wageni wao na kuondoka nao.

Sisi hatukusomewa mtu. Mavyaa akangoja. Ufukwe ukaisha watu, wakabaki wawili tu, kando ya banda la kukaushia nazi: yule bibi kwenye kiti chake, na mwanamume wa makamo aliyechutama, uso chini.

"Wale ni wa nani?" mavyaa akauliza.

Katekista akakunja karatasi. Dorin, jirani yetu, ambaye siku zote ana la kusema, akatazama bahari.

"Mama Lisbet," katekista akasema, "wale tunawatafutia kijiji kingine. Ni… ni Clement Tari na mama yake."

Elison hakuwepo, alikuwa shambani. Nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Mavyaa alisimama muda mrefu. Nilidhani atageuka arudi nyumbani, na nisingemlaumu. Kisha akaanza kutembea kuelekea bandani. Si haraka. Kama mtu anayepita kwenye mawe yenye utelezi. Nikamfuata.

Yule mwanamume akainuka alipomwona. Akasema huku anatazama vidole vyake vya miguu, "Mama, hatukujua kama meli itatua hapa. Tutaondoka."

Mavyaa akamwuliza, "Mama yako amekula?"

"Bado."

"Basi mnyanyue, twende."

Basi. Hayo tu. Miaka kumi na minne, na maneno yao ya kwanza yalikuwa hayo.

Jumamosi, 4 Agosti

Niyaandike, maana humu ndani hakuna anayeyasema.

Mavyaa alikuwa na wana wawili. Wilfred, mkubwa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda Ambae na timu ya mpira kwenye michezo ya Uhuru, Elison mdogo wake akiwa pamoja naye. Pikapu iliyowabeba kwenda uwanjani ilipinduka kwenye mteremko. Wilfred alikuwa nyuma, akafa palepale. Elison alikuwa mbele na dereva, akavunjika mkono. Dereva alikuwa Clement Tari. Mahakama ilisema mwendo kasi. Akafungwa miaka miwili mjini Vila.

Watu wake walikuja na nguruwe na mikeka kutaka suluhu. Marehemu baba mkwe akapokea. Mavyaa alikaa jikoni siku ile hadi wote wakaondoka. Niliolewa hapa miaka sita baadaye, na kwa miaka minane sijawahi kulisikia jina la dereva likitoka kinywani mwake. Kaburi la Wilfred liko nyuma ya jiko, chini ya mchungwa. Kila Jumamosi analipalilia.

Leo asubuhi amelipalilia. Kisha akaingia chumbani kwa Wilfred, akatoa masanduku, akatandika mkeka mpya, akawaambia Clement na mama yake walale humo.

Elison alikuwa mlangoni. "Chumba kile, mama?"

"Ndicho kisichovuja."

"Mama, huyu mtu—"

"Namjua ni nani, mwanangu. Huhitaji kunitambulishia."

Elison akachukua blanketi lake na kwenda kulala kwenye nyumba ya wanaume, wanakonywea kava, kile kinywaji cha mizizi. Joana ananiuliza baba yuko wapi. Nimemwambia amekwenda kuwapisha wageni. Si uongo kabisa.

Jumapili, 5 Agosti

Kanisa limejaa hadi nje. Padre Basil ametumia nafasi hiyo. Dakika hamsini! Upendo ni msingi, akasema, kama mawe ya matumbawe chini ya kuta hizi; hakuna anayeyaona, lakini yaondoe uone. Maneno mazuri. Kisha akayarudia. Kisha akayarudia kwa mfano wa mtumbwi. Mavyaa alikuwa anasinzia, kwa kuwa alikuwa jikoni tangu alfajiri akitupikia sote. Yule bibi kipofu, jina lake Bibi Eslin, akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Huyu bado anasema?"

Hata Padre alicheka. Akamaliza.

Ilipofika wakati wa kupeana amani, kila mtu akageukia jirani yake kama kawaida. Mavyaa akatoka upande wa wanawake, akavuka njia ya katikati, akaenda hadi nyuma kabisa alikokuwa Clement. Akanyoosha mkono. Niliona mkono ule ukisita njiani, kama umegonga kitu. Clement akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Uso wa mavyaa haukuwa mpole. Ulikuwa uso wa mtu anayebeba gunia kupanda mlima.

Elison alitoka nje kabla ya Komunyo.

Jumatano, 8 Agosti

Leo nimeona jambo ambalo sitalisahau.

Bibi Eslin hajaoga sawasawa tangu watoke kwao. Majivu yameganda kwenye mikunjo ya ngozi yake. Mavyaa akachemsha maji na majani ya mchungwa, tukamkalisha nyuma ya jiko, mimi nikimwaga, yeye akimsugua. Bibi akawa anafurahi, anaguna kama mtoto mchanga. Kisha akauliza, "Mwanangu, una mikono mizuri. Hii ni nyumba ya nani?"

Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia. Clement hakuthubutu.

"Yangu. Mimi ni Lisbet Garae."

Bibi akageuza kichwa. "Lisbet yupi? Lisbet wa Wilfred?"

"Huyo huyo."

Akauvuta mkono wake kutoka mikononi mwa mavyaa, akaukumbatia kifuani. "Acha. Usinioshe. Nitakaa na uchafu wangu."

Mavyaa alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Alikaa hivyo kidogo, kitambaa kinachuruzika. Kisha akasema taratibu, "Maji yatapoa, mama. Lete mkono."

Bibi akauleta.

Baadaye, tukianika nguo, nikamwuliza. Nisingethubutu siku nyingine. "Mama, umeweza vipi kumpenda yule?"

Akabana kanzu kwenye kamba. "Nani kakwambia nampenda? Sijafika huko, Nesta. Mimi nimefika kwenye kumwosha mama yake. Kesho nitaona kama njia inaendelea."

Alhamisi, 16 Agosti

Aibu yangu ya leo. Viazi vikuu vyetu vizuri, vile sita vikubwa — nilivificha chini ya kitanda changu wiki iliyopita. Nilijiambia ni kwa ajili ya Joana. Mchele wa msaada haujafika. Mboga zimeungua kwa majivu, magimbi yanapungua, na wageni wanakula kama watu, yaani wanakula.

Leo mavyaa aliingia kufagia chumbani kwangu. Hajawahi kufagia chumbani kwangu. Akatoka na kiazi kimoja mkononi, akakimenya, akakipika, akagawa. Vile vitano ameviacha palepale.

Afadhali angenigombeza. Jioni nimevitoa vyote, nikaviweka jikoni mahali pa wazi. Akavitazama, akasema, "Lo, tumebarikiwa." Kisha akacheka hadi akashika mbavu. Na mimi pia.

Jumanne, 21 Agosti

Siku mbaya.

Mfereji unaoleta maji kwenye matuta ya magimbi ya Elison ulikuwa umeziba kwa matope ya majivu. Elison aliusafisha kidogo kidogo, peke yake, kwa hasira. Juzi na jana asubuhi, kabla yeye hajafika, mtu alikuwa ameusafisha sehemu ya juu na kujenga upya ukuta wa matope uliobomoka. Kazi safi. Sote tulijua ni nani.

Leo Elison akamkuta Clement. Nilikuwa hapo, nimepeleka chakula.

"Toka kwenye magimbi yangu."

Clement akatoka, maji hadi magotini, akaweka beleshi chini kwa adabu, kama kitu cha kanisani. "Nilipaswa kuja miaka ile nilipotoka kifungoni," akasema. "Kuja mwenyewe, si kuwatuma wazee. Niliogopa."

"Na sasa volkano ndiyo imekuleta."

"Ndiyo. Imenileta."

"Huna haya. Unakula kwetu, unalala chumbani kwake—"

"Elison," Clement akasema. Jina tu. Wakatazamana, na kulikuwa na kitu kati yao ambacho sikukielewa. Elison ndiye aliyeangalia pembeni kwanza. Kisha akaupiga teke ule ukuta, akaupiga tena, hadi matope yakapasuka na maji yote yakakimbilia mtoni. Magimbi yake mwenyewe! Akaondoka akiwa ameloa, analia au ni maji, sijui.

Clement jioni alifunga mkeka wake ili akalale shuleni na wengine. Mavyaa akamzuia mlangoni. "Mama yako atamwita nani akitaka maji?" Akaufungua mkeka ule yeye mwenyewe.

Jumatano, 22 Agosti

Niliamka, mavyaa hayupo kitandani wala jikoni. Nikamkuta kwenye matuta. Sketi imefungwa kiunoni, matope mapajani, miaka sitini na tatu, anajenga ule ukuta. Anachota tope kwa mikono, analipigapiga, anaimba kwa pumzi iliyokatika.

"Mama, mgongo wako."

"Mgongo upo. Shika hapa."

Nikaingia. Maji ya baridi kama kisu. Tulijenga hadi jua likawa juu. Maji yakarudi kwenye magimbi, tuta moja baada ya jingine, taratibu. Tulipoinuka, Elison alikuwa amesimama juu ya kilima. Hakushuka. Hakuondoka pia.

Jumamosi, 25 Agosti

Mkutano wa kijiji. Wiki tatu sasa. Vijana wamechoka. Wanasema bustani zimeisha, wageni wahamishiwe kwenye mahema kule ufukweni, serikali iwalishe. Mmoja akasema, "Hata shamba la Padre limebaki majani." Padre Basil akaangalia viatu vyake. Chifu Judah naye alikuwa anaelekea kukubali, nilimwona.

Wanawake huwa tunakaa nje, tunasikiliza kupitia ukuta wa mianzi. Mavyaa akainuka, akasimama mlangoni. Akaomba ruhusa. Chifu akampa. Nani angemnyima.

Hakuhubiri. Nitajaribu kuyaandika kama alivyosema.

"Mmenichagua mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama miaka kumi na mmoja. Nimewafundisha binti zenu upendo wa Kikristo, nimeuandika ubaoni kwa chaki, nimechora na moyo pembeni. Na muda wote huo nilikuwa nakwenda mezani pa Bwana nikiwa na jiwe hapa. Kila Jumapili. Mlikuwa mnalijua na mkaninyamazia. Mlinipenda, labda. Lakini jiwe lilibaki.

"Sasa Mungu amemleta mtu yule na kumweka mezani kwangu, anakula gimbi langu mbele ya macho yangu. Sijapona. Nawaambieni ukweli, kuna asubuhi namwona mlangoni na nataka kumtupia sufuria. Lakini nikimpeleka ufukweni, mimi ndiye nitakayehama. Nitakuwa nimetoka ndani ya kanisa langu, hata nikikaa kiti cha mbele.

"Mnasema magimbi hayatoshi. Kweli hayatoshi. Tulipobatizwa kuna aliyetuuliza kama tuna magimbi ya kutosha?"

Akaketi. Dorin akaanza kulia. Dorin! Chifu akasema kila mtu ale mlo mmoja kwa siku, wenyeji na wageni sawasawa, chungu kimoja cha kijiji, hadi mchele ufike. Padre Basil akasema ng'ombe wa misheni achinjwe. Huo ulikuwa ushauri wake mfupi kuliko wote niliowahi kusikia, na mzuri kuliko wote.

Tuliporudi, mavyaa akaita kuelekea nyuma ya nyumba, "Clement! Njoo ule."

Mara ya kwanza. Jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu wa nyumbani. Nadhani hakujisikia mwenyewe.

Jumatano, 29 Agosti

Bibi Eslin hoi. Kifua. Majivu yamemwingia, anasema muuguzi, na kifua cha miaka themanini na mitano hakina pa kuyaweka. Bahari imechafuka, hakuna mashua ya kumpeleka Santo. Padre amempa Komunyo. Mavyaa na Clement wanapokezana kumkalisha wima ili apumue. Nimewaona leo wakibadilishana bila kuambiana, huyu akiondoa bega, yule akiweka lake. Kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi.

Elison amekuja dirishani. Akauliza, "Anaendeleaje?" Nikasema vibaya. Akaacha samaki wawili kizingitini, akaondoka.

Alhamisi, 30 Agosti

Niandike, la sivyo nitapasuka.

Nilimpelekea Elison nguo kwenye matuta. Alikuwa ameketi kwenye ule ukuta tuliojenga. Akaniambia, "Kaa, mama Joana." Nikakaa.

Akasema, akitazama maji, "Mimi ndiye niliyemwambia aongeze mwendo."

Sikuelewa. Akarudia.

"Siku ile. Fainali ilikuwa saa nane, tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa mbele na Clement. Nikamwambia ongeza mwendo. Akakataa, barabara mbaya. Nikamtania, nikamwambia watu wa Ambae mnaogopa barabara yenu wenyewe. Akacheka. Akaongeza. Wilfred nyuma alikuwa anagonga paa, tup tup tup. Nilidhani anafurahi."

Akamega udongo ukutani, akautupa majini.

"Mahakamani hakimu akamwuliza kwa nini alikimbiza gari vile. Nilikuwa nimekaa pale, mkono kwenye plasta, miaka kumi na saba. Akanitazama mara moja tu. Akasema, 'Nilitaka mwenyewe.' Hakunitaja, Nesta. Miaka miwili kifungoni, hakunitaja. Na mimi kwa miaka yote hii namchukia kama nini, kwa sababu ndiye peke yake anayejua."

Nimeishi na mtu huyu miaka minane. Nilidhani nayajua maumivu yake yote. Nikamshika ule mkono uliowahi kuvunjika. Nikamwuliza, "Mama?"

"Hajui. Nikimwambia nitamuua."

Nikasema, "Mama yako anambeba mama yake Clement kwenye bega lake sasa hivi. Sidhani kama anakufa kirahisi."

Hakucheka. Lakini hakuutoa mkono.

Ijumaa, 31 Agosti

Bibi Eslin amefariki saa nane mchana. Kimya kimya. Kabla ya hapo alimwomba mavyaa amsogezee uso, akaupapasa wote kwa vidole, paji, pua, mdomo, kama anayesoma. Akasema, "Ndivyo ulivyo." Hayakuwa maneno ya mwisho. Ya mwisho aliomba chai, na ilipokuja alikuwa amekwenda.

Clement alilia kwa sauti. Mavyaa akakaa karibu naye sakafuni. Hakumgusa, lakini hakuondoka.

Sasa pa kumzika. Hapa kwetu mtu huzikwa penye ardhi ya watu wake, na ardhi ya Bibi Eslin iko chini ya majivu, hakuna anayeruhusiwa kukanyaga. Makaburi ya misheni yako ng'ambo ya mto, na mto umejaa matope, hauvukiki. Kumzika mgeni kwenye ardhi yako si jambo dogo. Ni kumpa mahali milele, yeye na watakaokuja kumlilia.

Mavyaa akasema mbele ya wote, "Atalala chini ya mchungwa. Karibu na Wilfred pana nafasi." Nafasi ile ni yake. Aliitunza kwa ajili yake mwenyewe, kila mtu anajua.

Elison alikuwa uani. Mwenye nyumba ndiye anayepiga sururu ya kwanza. Asipopiga, kaburi halichimbwi. Wote wakamtazama. Akasema, "Siwezi, mama." Si kwa ukali. Kama mtoto. Akaenda zake.

Mavyaa akawaambia watu, "Mwacheni. Maiti haina haraka hadi kesho."

Jumamosi, 1 Septemba

Asubuhi. Naandika jikoni nikingoja maji yachemke. Watu watakuja baada ya saa moja hivi. Marehemu yuko chumbani, amefungwa kwenye mikeka yao myekundu, na mavyaa ameketi kichwani pake, anamwimbia wimbo wa jioni ingawa ni asubuhi. Joana amelala mapajani mwake.

Nilisikia sururu. Nyuma ya jiko. Pigo moja, kimya. Nikachungulia. Elison, peke yake, kifua wazi, chini ya mchungwa. Amepiga ya kwanza. Kisha ya pili. Alichimba kama robo saa, nami nikajifanya namenya gimbi.

Halafu Clement akatokea kona ya nyumba. Akasimama mbali. Elison akaacha kuchimba, akajifuta uso. Wakakaa hivyo. Sikusikia walichosema, kama walisema. Elison akaja mlangoni kwangu, amejaa udongo, akasema, "Nipe lile beleshi la pili."

Nikampa. Akalishika, lakini hakuondoka.

"Tukimaliza kuchimba," akasema, "kabla watu hawajaja, mwambie mama nataka kuzungumza naye. Palepale kaburini. Clement atakuwepo."

"Elison, leo?"

"Leo. Nikingoja kesho nitaogopa tena."

Akaenda. Nawasikia sasa. Sururu, beleshi, sururu, beleshi. Moja nzito, moja nyepesi.

Mavyaa ameacha kuimba. Ameniita kupitia ukuta.

"Nesta. Nani anachimba?"

"Wote wawili, mama."

Nimesikia akimlaza Joana kwenye mkeka, taratibu asimwamshe. Kisha miguu yake. Hakungoja nimwambie. Amepita mlangoni pangu akifunga kitambaa chake kichwani, na uso wake ni ule wa kubeba gunia kupanda mlima, ila sasa kama wa mtu aliyekiona kilele. Anaelekea mchungwani.